Nani Atatoboa Paa la Mtukufu?

Msiitafute nchi hii kwenye ramani, mtajichosha bure. Inaitwa Nderemo, na haipo. Akitokea msomaji akaona inafanana na mahali anapoamkia kila siku, hayo ni yake na shuka lake. Sisi tunasimulia tu, wala hatumjui mtu.

Basi katika nchi hiyo isiyokuwepo, Mtukufu Mlezi wa Taifa aliamua kuizuru mikoa yote. Kilichomsumbua ni mahali pa kulala. Safari iliyopita alilazwa kwenye kitanda cha mkuu wa mkoa mmoja, akaumwa na kunguni. Kunguni hakupatikana mpaka leo, ingawa mkuu wa mkoa alipatikana siku ileile. Tangu hapo Mtukufu aliapa hatalala tena kitanda cha raia, na ikaagizwa kutoka ng'ambo gari-nyumba: gari refu kama kanisa, lenye chumba, jiko, choo na sebule, yaani Ikulu yenye magurudumu.

Gari likafika. Lilikuwa zuri, jeupe, linang'aa, watu wakapiga vigelegele mpaka bandarini pakakosa hewa. Lakini lilikuja tupu. Vikorombwezo vyake vilikuja kwenye maboksi: turubai la kukunjua la kuleta kivuli mlangoni, paneli za sola, dishi la televisheni, kiyoyozi cha juu, ngazi ya nyuma na kamera ya kumwonyesha dereva anachokigonga. Vyote vilitakiwa kufungwa, na kila kimoja kilihitaji gari litobolewe.

Hapo ndipo pua za wakubwa zilipoanza kutoka jasho, kwa sababu Nderemo ilikuwa na Sheria ya Mwili Mmoja.

Sheria hiyo ilisema hivi: chochote cha Mtukufu ni Mtukufu. Kiti chake ni kiuno chake, picha yake ni uso wake, gari lake ni kiwiliwili chake. Anayekikwaruza amemkwaruza yeye, na anayekitoboa amemchoma kisu. Watu wa Nderemo waliizoea sheria hiyo kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana. Gari la Ikulu likiingia kwenye shimo, wapita njia walivua kofia wakasema, "Pole, Baba!" Likipata pancha, shule zilifungwa.

Mkurugenzi wa Idara ya Vikorombwezo vya Dola alikuwa mtu mwerevu, tena mwenye bidii, na bidii ndiyo iliyomponza. Alipanda juu ya gari-nyumba na penseli, akaweka vialama mahali pa kutoboa. Walimshusha kwa pingu, kwa kosa la kuchora ramani ya shambulio. Jioni hiyohiyo naibu wake, Bwana Fumbwe Kitogo, alipandishwa cheo.

"Hongera sana," wenzake walimwambia, kwa sauti ile wanayoitumia matangani.

*

Bwana Fumbwe hakuwa mtu wa makuu. Alikuwa mwembamba, mwangalifu, na kwa miaka yote ya utumishi wake hakuwahi kuwa wa kwanza kukohoa kwenye kikao. Lakini alikuwa na donda moyoni, na donda lenyewe ni mdogo wake, Ndimbo.

Ndimbo alikuwa fundi wa sola na madishi, mwenye karakana ndogo na wateja wengi. Siku ilipoamriwa kila duka litundike picha ya Mtukufu, yeye aliitundika mbele ya wote, kwa mapenzi mema kabisa. Tatizo picha haikuwa na fremu. Ndimbo, kwa mazoea ya ufundi, alichukua msumari mmoja akaupigilia pale alipoona patashika vizuri, katikati ya paji la uso. Mahakama ilimpa kifungo cha maisha, na hakimu aliposoma hukumu alijishika kichwa chake mwenyewe kwa uchungu.

Tangu siku hiyo mama yao alikuwa akimpakulia Ndimbo chakula kila mchana, anakifunika, kisha jioni anakigawa kwa majirani bila kusema neno. Bwana Fumbwe alikuwa akiiona ile sahani, na yake mwenyewe anaisukuma kando. Alitamani kumtoa ndugu yake kuliko alivyotamani kitu chochote duniani, na alijua hana ubavu huo. Hakuna aliyewahi kutoka katika Gereza la Majeraha, alikofungwa. Angetokaje, na jeraha la Mtukufu halijatangazwa kupona?

Na sasa alikuwa na lake la kumkosesha usingizi. Mtukufu alikwishasema anataka kuondoka wiki inayofuata. Kabla ya Ijumaa mfungaji wa vikorombwezo awe amepatikana, la sivyo Idara ya Vikorombwezo itamhitaji mkurugenzi mwingine.

*

Kamati ya Taifa ya Kumpata Mfungaji ilikaa chini ya uenyekiti wa Waziri wa Sheria, Bi Sikujua Mbonde, mama mnene mwenye sauti laini ambaye ndiye aliyeitunga Sheria ya Mwili Mmoja kwa mkono wake. Alifungua kikao kwa kuwakumbusha wajumbe kwamba kila neno litakalotamkwa kuhusu kutoboa litachukuliwa kuwa limetamkwa kuhusu Mtukufu.

Basi wajumbe wakashughulika na chai mpaka ikaisha.

Wa kwanza kujitosa alikuwa Jenerali Tutuo, mkuu wa majeshi. "Waheshimiwa, jambo hili ni jepesi," alisema. "Jeshi litatoboa kwa risasi. Risasi inakwenda mbio. Mpaka Mtukufu aje kuisikia, imeshatoka upande wa pili."

"Jenerali," Bi Sikujua alimwambia taratibu, "umependekeza kumpiga Mtukufu risasi."

Jenerali akaomba maneno yake yahesabiwe kuwa kikohozi. Yakahesabiwa.

Mjumbe wa chuo kikuu akashauri wasitoboe kabisa, bali wabandike kwa gundi. Wote wakashusha pumzi. Jaribio likafanywa mchana uleule kwa turubai la akiba lililobandikwa kwenye gari la mjumbe mwenyewe. Alipofika barabara kuu turubai likabanduka, likapaa, likamfunika askari wa usalama barabarani pamoja na pikipiki yake. Askari alitolewa mzima. Mjumbe wa chuo kikuu hakuonekana tena kwenye vikao, na hakuna aliyemuulizia.

"Tuwaite waliolitengeneza gari," mjumbe mwingine akasema kikao kilipoendelea. "Wageni hawabanwi na sheria yetu."

"Mgeni atoboe mwili wa taifa letu?" Jenerali aling'aka. "Huo si ufundi, huo ni uvamizi. Nitalazimika kupigana naye."

Ndipo macho yote yakamgeukia Daktari Lwiza, daktari wa Ikulu, aliyekuwa amejikunyata mwisho wa meza akiomba asionekane. Bi Sikujua alitabasamu. Katika nchi nzima, alisema, mtu mmoja tu ana ruhusa ya kupitisha chuma katika mwili wa Mtukufu, naye ni daktari wake. Sheria imeshamchagua mfungaji, kazi ya kamati ni kupiga makofi tu.

Wakapiga makofi. Daktari akasimama, akili yake imetulia.

"Nawashukuru kwa heshima hii," alisema. "Ila mimi hupasua wagonjwa. Mkinichagua, kamati itakuwa imetangaza kwamba Mtukufu anaumwa. Naomba nijue ni nani atakayekuwa wa kwanza kuweka sahihi."

Makofi yakakatika ghafla. Wajumbe walitazama viganja vyao kama vile ni vya mtu mwingine.

Bi Sikujua akamgeukia Bwana Fumbwe. "Bwana Mkurugenzi, kazi ni yako, gari liko chini ya idara yako, na kesho ni Ijumaa. Mimi ninachoona, tunahitaji mtu ambaye sheria haiwezi kumfanya kitu zaidi. Na mtu wa namna hiyo hayupo."

Bwana Fumbwe alihisi moyo umempiga teke. Wazo lilikuwa limemjia, na lilikuwa wazo la hatari, kwa sababu lilikuwa na sura ya ndugu yake. Alikohoa. Ilikuwa mara ya kwanza kukohoa kabla ya wengine.

"Yupo, Mheshimiwa," alisema. "Wapo wengi. Wako Gereza la Majeraha. Aliyekwisha kuhukumiwa maisha kwa kumtoboa Mtukufu hana maisha mengine ya kuongezewa. Na mmoja wao ni fundi wa kazi hizi hasa."

Bwana Fumbwe alisikia saa ya ukutani, na akasikia tumbo la Jenerali.

"Tena ana uzoefu," Jenerali alisema mwishowe, akipiga meza. "Ameshamtoboa Mtukufu kichwani, na Mtukufu yu hai. Nani mwingine katika nchi hii anaweza kusema hivyo?"

Hoja hiyo ikawamaliza. Kamati ikapitisha kwa kauli moja kwamba Ndimbo Kitogo ndiye mwenye sifa. Hakuna aliyetaja kwamba majina ya mfungwa na mkurugenzi yanafanana. Wote walikuwa wameshika roho mkononi, na aliyewapunguzia mzigo hawakutaka kumkagua. Funika kombe mwanaharamu apite.

*

Ndimbo alikuwa amekonda, lakini macho yake yalikuwa yaleyale, ya mtu anayetazama kitu akiwaza kitafungwaje. Walikaa kwenye chumba cha wageni, askari kasimama mlangoni.

"Shikamoo, kaka. Mama hajambo?"

"Marahaba. Hajambo. Anakupakulia kila siku."

Ndimbo alitazama chini kidogo. Kisha Bwana Fumbwe akamweleza kazi yenyewe, kwa sauti ya chini, na mdogo wake akasikiliza mpaka mwisho.

"Turubai la upande, sola, dishi," Ndimbo alisema. "Hiyo kazi naiweza. Lakini hebu niambie, kaka. Nikitoboa, na Mtukufu kakaa pale, watu wote wanamtazama, halafu asiumie, itakuwaje?"

Bwana Fumbwe alikuwa amefikiria kila kitu isipokuwa hilo.

"Kwa sababu hataumia," Ndimbo aliendelea. "Ni bati lile."

"Sema polepole!"

"Nimesema polepole. Ni bati, kaka. Asipoumia mbele ya watu wote, sisi humu ndani tumefungwa kwa kosa gani?"

Bwana Fumbwe alimtazama askari mlangoni. Askari alikuwa anatazama dari kwa bidii, lakini masikio yake yalikuwa yamesimama. Moyo wa Bwana Fumbwe ulikuwa unadunda kwa hofu, na ndani ya hofu ile kulikuwa na furaha aliyoiogopa zaidi. Aliona lango la gereza likifunguka. Aliiona ile sahani, na Ndimbo mwenyewe amekaa mbele yake anakula.

"Basi, fundi, toboa vizuri tu," alisema kwa sauti ya kusikiwa na askari. Kisha akaushika mkono wa mdogo wake chini ya meza, akauminya mpaka vidole vikamuuma.

*

Siku ya kufunga vikorombwezo, uwanja wa Ikulu ulijaa. Mtukufu alisisitiza kuhudhuria, maana haiwezekani mtu atobolewe akiwa hayupo. Wananchi waligawiwa vitambaa vyeupe vya kufutia machozi. Bendi ya jeshi ilipiga wimbo wa huzuni. Magari mawili ya wagonjwa yalisimama na milango wazi. Msemaji wa Ikulu alishika kipaza sauti akatangaza kwamba leo Mtukufu ameukubali uchungu ili wananchi wake wa mikoani wasikose kumwona, na kwamba katika historia ya dunia hajawahi kutokea kiongozi aliyetobolewa kwa hiari.

Mtukufu mwenyewe alikaa kwenye kiti kikubwa kando ya gari, mzee mnene mwenye viatu vipya, sahani ya karanga za kukaanga ikiwa mapajani. Bwana Fumbwe alisimama hatua chache kutoka kwake, kashika kopo la skrubu. Juu ya paa, Ndimbo, ndani ya sare za gereza, alipiga magoti na kuwasha drili.

Drili ikalia. Vitambaa vyote vikapanda usoni. Bwana Fumbwe hakupandisha chake, alikuwa anamtazama Mtukufu. Chenga za bati zilimwagika kama pumba, sauti ikabadilika, chuma kikapenya. Tundu la kwanza likawa limetoboka.

Mtukufu alitafuna karanga. Akamenya nyingine, akapuliza ganda, akaitia mdomoni. Kisha akatazama huku na huku.

"Mbona hamuanzi?" aliuliza.

Bendi ikanyamaza. Bi Sikujua aliangusha kitambaa chake, na hakuinama kukiokota.

"Imeshaanza, Mtukufu," alisema.

"Imeshatobolewa?"

"Naam, Mtukufu."

Mtukufu alijipapasa kichwa. Akajishika kifua, akajiminya goti. Uso wake ulikuwa wa mtoto aliyeambiwa kuna mgeni mlangoni, akafungua asione mtu. "Sikusikia kitu," alisema.

Neno hilo lilitembea uwanjani bila mtu kulitamka. Watu walitazamana juu ya vitambaa vyao. Mama mmoja nyuma kabisa, ambaye huenda naye alikuwa na sahani iliyofunikwa nyumbani, alianza kutetemeka. Sheria imekwisha, Bwana Fumbwe aliwaza. Mungu mkubwa, imekwisha.

"Ushujaa!" Msemaji alipiga kelele kwenye kipaza sauti. "Mmeona ushujaa huo? Ametobolewa, na hakusema hata ah!"

Makofi yakalipuka, makofi ya watu waliokuwa wanazama wakapata gogo la kushika. Lakini Mtukufu aliinua mkono.

"Si ushujaa," alisema. "Nimesema sikusikia kitu. Kabisa." Akasita, karanga mkononi. "Basi wale watu kule gerezani..." Hakumalizia. Alionekana ameingiwa na baridi katikati ya jua. Macho yake yalizunguka yakitafuta mtu, yakapita kwa Waziri, yakapita kwa Jenerali, yakatua kwa aliyekuwa karibu.

"Wewe. Si ndiwe uliyemchagua huyu fundi? Ulikuwa unanitazama, nilikuona. Wenzako walifunika macho. Niambie kweli. Iliniuma?"

Bwana Fumbwe alijua jibu. Lilikuwa neno moja tu, na lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Juu ya paa aliona magoti ya mdogo wake yakiwa yametulia, drili imezimwa. Chini aliona macho ya Bi Sikujua, laini kama sauti yake. Aliona mkono wa Jenerali ukishuka taratibu kwenye mkanda wa bastola. Aliwaona wote waliotunga, waliohukumu, waliolinda, waliopiga makofi, na kila mmoja wao alikuwa anasubiri kusikia kama amewafunga watu bure au la.

"Iliuma, Baba," alisema. "Ulikunja uso."

Hakujua neno hilo limetoka wapi. Lilitoka lenyewe, kama kikohozi.

"Nilikunja?"

"Ulikunja sana, Mtukufu," Bi Sikujua alidakia.

"Hata chozi lilikutoka," Jenerali aliongeza. "La jicho la kushoto."

Mtukufu alijipapasa shavu la kushoto. Palikuwa pakavu, lakini alipapapasa kwa muda mrefu, na polepole uso wake ukaanza kujikunja, kwanza mdomo, kisha paji.

"Naam," alinong'ona. "Sasa naisikia."

*

Kazi ilibidi iendelee, maana safari ilikuwa inasubiri. Kila Ndimbo alipowasha drili Mtukufu alilia kwa sauti kubwa, akajinyonganyonga kitini, na uwanja mzima ukalia naye. Na kilio chake kilikuwa cha kweli, na daktari alimpaka dawa ya kuchua. Bwana Fumbwe alimpandishia mdogo wake skrubu moja baada ya nyingine, na hawakutazamana. Bi Sikujua, kwa sauti yake laini, alitangaza kwamba kamati ilikosea kidogo, kwa kuwa kifungo cha maisha kinaweza kuwekwa juu ya kingine kama blanketi, na kwamba mfungwa ataongezewa kimoja kwa kila tundu.

Mwisho turubai likakunjuliwa. Halikuwa na kasoro, lilinyooka vizuri na kivuli chake kilikuwa kikubwa. Ndimbo alishuka kwa ngazi aliyoifunga mwenyewe, akanyoosha mikono mbele bila kuambiwa, na askari wakampiga pingu.

Walipompitisha, Bwana Fumbwe alikuwa amesimama palepale. Machozi yalikuwa yanamtiririka, hayana sauti, yanaingia kwenye kola.

Ndimbo alipunguza mwendo. "Lia kwa sauti, kaka," alimwambia taratibu. "Wenzako wote wanalia kwa sauti. Ukilia kimya hivyo watajua unamlilia nani."

Askari wakamsukuma mbele. Bwana Fumbwe akainua kitambaa, akafungua mdomo, akalia kwa nguvu zake zote. "Pole, Baba! Pole, Baba!" alilia, mpaka karandinga likapita getini, na watu waliokuwa karibu naye walimsifu.